Mzee Brashi Anastaafu, Upande wa Kulia Bado

Ijumaa hii, tarehe 28, saa tisa na nusu alasiri, fundi wetu wa rangi anakabidhi funguo za stoo baada ya miaka ishirini na tisa na miezi minne katika banda la helikopta za majeruhi. Jalada lake lina jina kamili, lakini analijua karani wa utumishi peke yake. Sisi wengine tunamwita Mzee Brashi, naye anaitika.

Aliajiriwa kama raia wa kupaka milango. Wiki ya pili akapewa ngazi, makopo mawili na amri ya kuchora msalaba mwekundu kwenye mbavu za helikopta, ili upande wa pili wakiiona wajue imebeba majeruhi na wasiifyatulie risasi. Akapiga rula, akabandika utepe, akapaka. Ulitoka umenyooka hivi kwamba mganga mkuu alipiga nao picha. Miezi mitano baadaye akaja kamanda mpya, akasema huko porini msalaba ni shabaha tu, na helikopta isiyo na silaha ni kuku aliyefungwa miguu. Zikafungwa bunduki za rasharasha milangoni. Na kwa kuwa sheria za vita hazitaki bunduki za namna hiyo zikae pamoja na alama ya msalaba, Mzee Brashi akaitwa kuufuta kwa rangi ya kijani.

Tangu hapo kila kamanda amekuja na waraka wake. Kwa hesabu yake mwenyewe, Mzee Brashi ameupaka msalaba mara kumi na mbili na kuufuta mara kumi na moja na nusu. Hiyo nusu tutaifikia. Rubani mmoja aliwahi kulalamika kwamba helikopta imenenepa. Ilipokwanguliwa, rangi zilipangana kama vitabu kabatini: nyekundu, kijani, nyekundu, kijani. Mafundi mitambo mpaka leo wanahesabu miaka hivyo. Huyu aliajiriwa kijani cha tatu, yule alioa nyekundu ya tano.

Hatuwezi kuacha ile Jumatano. Mafundi wa silaha walipata waraka wao mapema, wa fundi rangi ukalala mezani kwa karani aliyekuwa likizo. Helikopta ikaitwa ghafla, ikaruka na msalaba ubavuni na bunduki mlangoni, jambo ambalo sheria hairuhusu na hata macho yalikataa. Ilirudi na majeruhi wanne, bila tundu hata moja. Kantini ikagawanyika meza mbili. Wapiga bunduki waliwaambia wauguzi washukuru mtutu, wauguzi wakawaambia wao washukuru rangi. Mzee Brashi alimaliza chai yake kwanza, kisha akawakumbusha wote kwamba siku hiyo kulikuwa na ukungu na hakuna aliyeona kitu.

Miaka sita iliyopita utani ulimpungua. Binti yake wa mwisho, muuguzi, alipangiwa helikopta Namba Tatu. Tukadhani sasa tutajua baba mtu yuko meza ipi, maana akiipenda kazi hupiga mluzi. Alipaka msalaba wa Namba Tatu bila mluzi. Mwaka uliofuata akaufuta, bila mluzi vilevile. Fundi mitambo mmoja, mtani wake wa siku nyingi, akamchokoza kuwa labda meno yamemwisha. Akajibiwa kwamba msalaba ukiwepo, yeye anawahofia wasioujali, na bunduki ikiwepo, anawahofia hata wale ambao wangeujali. Mtani akaenda kutafuta spana ambayo hakuwa ameipoteza.

Tume ya kuamua kati ya msalaba na bunduki ilipokuja kukusanya maoni, ilikaa siku tatu na kumuuliza Mzee Brashi swali moja tu: je, rangi ipo? Alisema ipo, ya kutosha pande zote mbili za hoja. Wakaandika.

Tangu binti aanze kuruka, Mzee hajawahi kutoka kazini kabla Namba Tatu haijatua. Husema anaosha brashi. Tumemwona akiosha brashi moja kavu kwa saa mbili, macho juu.

Sasa ile nusu. Wiki iliyopita waraka ulisema Namba Tatu ifutwe, bunduki zinakuja. Jumanne alimaliza upande wa kushoto. Jumatano ikaja simu kwamba kazi isimame ilipofikia mpaka kamati ikae, yaani mwezi ujao. Hivyo Namba Tatu ina msalaba kulia, kijani kushoto, na vishikizo vya bunduki visivyoshika kitu. Inaruka kama kawaida, na binti yumo. Mzee alimfuata rubani, akamwomba kwa adabu, kama haitakuwa usumbufu, awe anatua ubavu wa kulia ukimwelekea adui. Rubani alicheka. Alipoona anacheka peke yake, akasema sawa, mzee wangu.

Tunakushukuru, Mzee Brashi, kwa mistari iliyonyooka katika banda lenye nyaraka zilizopinda. Kiti cha kupumzikia, zawadi yetu, umekwisha kukiona, kwa sababu tulishindwa kukificha. Lakini nyumbani kwako helikopta zikitua hazionekani. Kwa hiyo mlinzi wa lango, mpishi wa kantini na yule mtani wako wamegawana zamu. Namba Tatu ikigusa chini, mmoja atakupigia, kabla hata mapangaboi yake hayajasimama.

Brashi ziache kwenye ndoano, ni safi kuliko sisi sote. Uishi miaka mingi, usingizi wako uwe mzito, na kila jioni simu ikilia, iwe ni sisi.