Fundi Punguza na Jibu Lililofika kwa Wakati

Salamu kwanza zimfikie mke wa fundi wetu, na mama mkwe anayeumwa magoti, na binti mkubwa na mumewe, na wale wajukuu pacha wanaomfichia babu viatu. Sisi ofisini wazima, ila mioyo mizito. Mimi mpika chai nimeambiwa niandike. Shule yangu ndogo, mnistahimili.

Tarehe thelathini Juni fundi wetu wa mtandao anastaafu, baada ya miaka thelathini na mmoja. Alianza na simu za kuzungusha namba. Jina la Fundi Punguza tulimpa sisi: mtandao ukikwama, kila mtu hutuma faili lilelile mara tatu, naye hupita meza kwa meza akiomba wapunguze. Mhasibu alimtania kuwa amefuga kobe ndani ya nyaya. Mkubwa akanunua laini pana zaidi ya mtandao, watu wakaijaza nayo pia.

Mimi alinielewesha jikoni, kwa birika langu. Wakija wote na majagi, mdomo wa birika ni mmoja, na mwenye kiu ya funda moja atasimama nyuma yao. Ndivyo sauti ya simu inavyochelewa nyuma ya mafaili makubwa.

Siku binti yangu alipokuwa anaingia kupasuliwa, hospitali ya mbali, ilikuwa siku ya ofisi nzima kutuma ripoti. Nampigia kwa simu ya ofisini, ile inayopita kwenye mtandao. Nasema, jibu linakuja baadaye, tena vipande vipande. Muuguzi anamngoja. Fundi aliniona nalia. Aliifupisha foleni ya mafaili ndani ya ruta, kile kisanduku kinachopitisha mtandao wetu, basi kompyuta zilizokuwa zikisukuma ripoti zikajua njia imejaa, zikapunguza zenyewe. Ripoti zilifika zote. Nami nikamsikia mwanangu, neno kwa neno:

"Mama, sasa nakusikia. Usilie, niko sawa."

Hakutoka hai kwenye upasuaji. Lakini maneno hayo ninayo, hayakukatika. Na tangu siku ile mhasibu hutuma faili mara moja, kisha hutulia.

Ahsante, kaka. Kapumzike, Mungu akupe siku ndefu na usingizi mtamu. Ulinifundisha kuwa kompyuta ikituma kitu hungoja neno la kupokelewa, na lisiporudi hupunguza kutuma. Basi ukishafika kwako, tuletee neno upesi. Kuna jibu moja nilishazoea kulingoja bure. Lako lisichelewe.