Mektilda Luhaga na Mwano wa Alasiri

Wasikilizaji wapendwa, mwadila, nawasalimu. Kama umerudi shamba, weka jembe chini upumue. Kama uko dukani, mwambie mteja avumilie kidogo. Leo tunamkumbuka mama mmoja wa hapa hapa kwetu Bariadi. Mektilda Luhaga. Muuguzi Mektilda. Ametutoka wiki iliyopita, na amezikwa Nyalikungu, Maswa, alikozaliwa.

Nianze na jambo ambalo msibani watu hulimeza. Mektilda alikuwa mwoga. Silisemi kwa ubaya, maana aliyeniambia ni mume wake mwenyewe, mzee Thomasi, tukiwa tumeketi kwenye turubai la msiba.

"Aliogopa radi," alisema mzee Thomasi. "Aliogopa ng'ombe, na ni Msukuma. Kuku akirukia mezani, anapiga kelele. Nikamuuliza, mtu wa hivi unakwendaje kukaa na wagonjwa wa akili? Akanijibu, Thomasi, hao wanaumwa hofu, na hofu mimi naijua kuliko wewe."

Basi huyo ndiye Mektilda. Mwoga aliyetibu waoga wenzake.

Turudi nyuma, wasikilizaji. Turudi miaka ya tisini. Simiyu ilikuwa bado haijawa mkoa, Bariadi tulikuwa chini ya Shinyanga. Biashara ya pamba ilikuwa imefunguliwa. Wanunuzi binafsi walikuja na magari yao na mizani yao, na vyama vya ushirika vikafunga milango kimoja baada ya kingine. Watu waliozoea kuamka na kwenda kazini waliamka wakakaa. Mitumba ikajaa gulioni, redio mpya zikajaa hewani, na hofu nayo ikajaa vifuani. Hiyo ya mwisho hakuna aliyeitangaza.

Mektilda alikuwa amesomea uuguzi wa akili Dodoma. Huko alifundishwa tiba ya mazungumzo. Mgonjwa anasema, wewe unasikiliza, unamuuliza, anasema tena mpaka lile fundo linalegea. Kisha akakutana na sista mmoja kutoka India aliyemfundisha kutulia. Unaketi, unaifuata pumzi yako inavyoingia na kutoka, unataja unachokiona mbele yako na si unachokiogopa. Mektilda alikiita kitu hicho kwa neno moja tu, kukaa. "Njoo tukae," ndivyo alivyowaambia wagonjwa wake. Akachanganya na sala. Mkatoliki alimwombea kwa rozari. Mzee anayetambika kwa mababu alimwacha amwage maji yake na unga wake, yeye ameinamisha kichwa pembeni.

Unaweza kudhani alipendwa kwa hilo. Wapi. Kanisani walinong'ona kwamba amekuwa mshirikina. Waganga nao walisema amekuja kuwaharibia kazi. Akatembea katikati yao, roho juu, kila siku ya Mungu.

Sasa sikilizeni habari ya Maige.

Maige alikuwa karani wa chama cha ushirika katika kijiji kimoja nje kidogo ya mji. Chama kikafungwa. Maige akaanza kuumwa ugonjwa usio na jina. Moyo ulimwenda mbio akiwa ameketi tu. Mkono wa kulia, ule wa kuandikia, ukawa unakufa ganzi. Akawa hali chakula, halali usiku. Akaenda kwa mganga, na mganga akamwambia maneno ambayo kila mtu wa kwetu anayajua na kila mtu anayaogopa. Anayekumaliza yuko karibu. Unakula naye. Ni wa upande wa baba yako.

Nyumbani kwa Maige aliyekuwa wa upande wa baba alikuwa mmoja tu. Shangazi yake, bibi Nyanjige, mjane, ndiye aliyemlea tangu mama yake alipofariki. Na bibi Nyanjige alikuwa na macho mekundu. Kuni zimekwisha kwetu, akina mama wanapikia samadi kavu, moshi unawala macho mpaka yanakuwa kama kidonda. Wasikilizaji, mnajua miaka ile kikongwe mwenye macho mekundu alikuwa anangoja nini. Sina haja ya kueleza. Kuna nyumba zinanisikiliza sasa hivi zilizozika bibi wa namna hiyo, aliyeuawa kwa kuitwa mchawi.

Nyanjige mwenyewe ndiye aliyemwita Mektilda. Alikuwa amesikia kuna muuguzi anayefuata watu majumbani, kwa sababu kwenda hospitali waliona aibu. Hakujua mganga alisema nini. Alijua tu kwamba kijana wake anakwisha.

Mektilda akaja, akaja tena. Walikaa na Maige ndani ya kibanda cha kuhifadhia pamba. Maige akasema habari za kazi, za mizani, za aibu ya kukutana na watu njiani. La mganga alilificha. Mektilda aliona kuna kitu kimekwama kifuani mwa yule kijana, na akafanya kosa. Gloria, binti yake, anasema mama yake alilihesabu kuwa kosa la maisha yake yote.

Ilikuwa alasiri, jua kali, watu wametawanyika mashambani. Mektilda akamwambia Maige, "Mwanangu, iko sauti umeibana humo ndani. Itoe. Usiichague, itoe kama ilivyo."

Alitegemea kilio. Mjini watu walilia, wakajifuta, wakapata nafuu. Lakini mwanamume wa Kisukuma halii hovyo. Katika maisha yake yote amefundishwa sauti moja tu ya hofu, nayo ni mwano, ukelele wa kuita msaada. Ng'ombe wakiibwa, ni mwano. Fisi akiingia zizini, ni mwano. Maige akafumba macho, akafungua kinywa, na kilichotoka ni mwano. Mrefu, wa juu, wa kuvuka mabonde.

Na mwano, wasikilizaji wapendwa, haurudishwi. Anayeusikia ni lazima aupokee, aupaze kwa mwenzake, na akimbilie ulikotoka na silaha mkononi. Asiyekwenda anaadhibiwa. Na aliyeupiga ni lazima aseme ni nani. Lazima awepo mtu.

Mektilda ni mzaliwa wa Maswa. Aliujua mwano tangu akiwa mgongoni mwa mama yake. Akausikia unapokelewa kilimani, kisha ng'ambo ya mto, kisha mbali zaidi, filimbi zikaanza kujibu.  Alimwambia Gloria baadaye kwamba alitaka kukimbia, na angekimbia kweli, ila miguu ilimgomea.

Sungusungu, walinzi wa jadi wa vijiji, wakafika. Wengi, jasho linawatiririka, pinde mkononi, marungu, mapanga. Mbele yao kamanda Mashimba, mtu mrefu asiyependa kuuliza jambo kwa kurudia. Na nyuma yao, amekimbia kama sheria inavyotaka, ameshika fimbo yake, bibi Nyanjige. Alikuwa anatoka kuchota maji. Naye alikuja kumwokoa aliyepiga mwano. Akasimama katikati ya wanaume wenye silaha, anahema, macho yake mekundu yanamtafuta Maige.

Mashimba akauliza, "Mwano ni wa nani?"

"Ni wangu," akasema Maige.

"Haya, taja. Ni nani?"

Maige akamwangalia shangazi yake. Midomo ikacheza. Neno likatoka, chini chini, karibu bila sauti. Mektilda alikuwa bega kwa bega naye, akalisikia. Maige alisema, "Nyanjige."

Hapo ndipo yule mwoga alipofanya jambo ambalo hata yeye hakulielewa. Alipaza sauti juu ya ile sauti. "Mwano ni wangu. Nimemwambia mimi aupige. Ilikuwa dawa yangu."

 Mashimba akageuka polepole, akamwita mama kwa Kisukuma. "Dawa yako, mayu? Kumbe mwenye dawa ni wewe?"

Watu wakasogea. Sasa waliyemtazama ni Mektilda. Mgeni, mwanamke, anakaa na kijana kibandani, anamwagisha watu maji na unga, na kijana hajapona. Mambo yakajipanga vibaya kabisa. Mtu mmoja nyuma akasema, "Ndiye huyo." Mwingine akalirudia. Mektilda alijaribu kuifuata pumzi yake, ile aliyoifundisha watu miaka yote, akaikosa. Alijaribu Salamu Maria, akaishia katikati. Alijikojolea, wasikilizaji. Nalisema kwa sababu yeye mwenyewe alilisema kwa bintiye, na alitaka lisifichwe.

Aliyeona ni Maige. Akaona maji yanavyolowesha vumbi miguuni pa muuguzi wake. Akashika ncha ya khanga yake, akamvuta taratibu, akasema, "Kaa, mayu. Tukae."

Wakakaa chini, wote wawili, mbele ya zile pinde. Maige akaanza kutaja anachokiona, kama alivyofundishwa. Naona vumbi. Naona miguu ya watu. Naona fimbo ya shangazi. Naona shangazi yangu amekuja mbio. Alipofika hapo akakomea. Akapumua. Kisha akainua uso kwa Mashimba.

"Kamanda, hakuna mtu. Mimi naogopa tu. Naogopa tangu chama kilipofungwa. Nimepiga mwano wa bure."

Mwanamume mzima, mbele ya Sungusungu, anasema naogopa. Wengine waliangalia pembeni kwa aibu. Mashimba akamtazama Maige, akamtazama Mektilda aliyelowa. Kisha akasema mwano wa bure una adhabu yake, na adhabu ni ng'ombe dume. Akaswagwa dume wa Maige jioni ile ile, na watu wakatawanyika wakilalamika kwamba wameacha kazi zao.

Mektilda hakurudi kule kwa muda.  Aliporudi, alimkuta Nyanjige amewaita mababu wa ukoo, anamwaga maji mlangoni, anamtaja baba yake Maige kwa jina, anamwomba amwangalie mtoto. Mektilda akatoa rozari yake, akasali pembeni. Wakaendelea hivyo, kusema na kukaa na kuomba. Mkono wa Maige ulichukua muda, lakini ulirudi. Na Mektilda, tangu siku ile, hakumwambia tena mgonjwa yeyote atoe sauti. Alisema, "Sijui watu wamefungia nini humo. Acha itoke polepole, niione kwanza."

Bibi Nyanjige alifariki miaka mingi baadaye, kwa uzee, kitandani pake. Nairudia hiyo. Kwa uzee, kitandani pake. Mektilda alikuwa amekaa naye siku za mwisho. Na siku moja bibi akamwambia, "Mayu, siku ile ya mwano, nilisikia."

"Ulisikia nini, bibi?"

"Jina langu. Wewe ulipiga kelele, lakini nilikuwa nimemwangalia mdomo."

 Miaka yote ile bibi alikuwa amempikia Maige, amemfulia, amemlelea na wanawe. Mektilda akamuuliza kama hakuogopa.

"Niliogopa," akasema bibi Nyanjige. "Nilikuwa naegemeza kinu mlangoni nikilala. Nikisikia anatembea uani, najua amekuja. Halafu nikachoka kuogopa. Hakulirudia tena. Alilisema, akakaa, hakulirudia."

Mektilda alilibeba hilo mpaka alipougua mwenyewe, ndipo akamwambia Gloria. Na Gloria alimwambia Maige juzi, makaburini Nyalikungu, udongo ukiwa bado mbichi. Maige ni mtu mzima sasa, ana wajukuu. Nilimwomba ruhusa kabla ya kuyasema haya hewani. Alikubali. Aliniambia hivi, nami nayatoa kama alivyoyatoa:

"Nilidhani aliyesikia ni Mektilda peke yake. Kumbe nilikuwa nakula chakula cha mtu aliyesikia. Waambie watu nililitaja. Waambie lilitoka."

Wasikilizaji wapendwa, kwa mzee Thomasi, kwa Gloria na ndugu zake, kwa ukoo wote wa Luhaga pale Nyalikungu, poleni sana. Poleni nanyi wote mliowahi kukaa naye, mkazifuata pumzi zenu mbele ya yule mama aliyekuwa akiwaogopa ng'ombe. Mungu amlaze mahali pasipo na radi.

Na wewe unayenisikiliza, najua kuna jina la mtu uko nalo mdomoni. Wa nyumbani, jirani, pengine aliyekulea. Watu wamekuambia ni yeye. Kabla hujalitoa, tufanye alivyofanya Mektilda. Nitanyamaza kidogo hapa studioni. Redio yako haijaharibika, usiigonge. Keti chini. Angalia kilicho mbele yako, na uangalie ni nani anakupikia leo.

Tukae.