Hotpoti la Bluu: Risala ya Wapeleka Chakula wa Mkokoni

Imesomwa mbele ya mgeni rasmi siku ya kufunguliwa kituo kipya cha polisi, Kijiji cha Mkokoni

Mgeni rasmi, Mheshimiwa Mkuu wetu wa Wilaya. Viongozi mliofuatana naye. Afande mkuu wa kituo pamoja na askari wako. Masheikh, wazee wetu, na majirani wote mliokubali kuchomwa na jua kwa ajili ya shughuli hii: assalaam alaykum. Wale ambao salamu yao si hiyo, tunawaamkia kwa heshima zao zote.

UKARIBISHO

Karibu Mkokoni. Barabara ya kutoka Kigombe tunaijua, na tunajua imekutikisa, kwa hiyo tunakupa pole kabla ya kukupa hongera. Shughuli hii imeahirishwa mara mbili, na mara zote mbili mchele ulikuwa umeshaoshwa. Hatulaumu. Tunasema tu kwamba leo hatukuamini mpaka tulipokuona unashuka garini kwa miguu yako mwenyewe.

Mheshimiwa, umeshasomewa risala ya kijiji na ya vijana. Sisi ndio wa mwisho. Mtendaji wetu ametusihi mambo mawili: tuwe wafupi, na tusilete majonzi kwenye sherehe. Kwenye ufupi tumejitahidi.

HISTORIA YA UMOJA WETU

Tuko wanawake thelathini na mmoja na mwanamume mmoja. Kazi yetu ni kuwapelekea chakula mahabusu. Kituo cha zamani, kile chumba cha bati nyuma ya ghala la mwani, hakikuwa na jiko, na aliyewekwa ndani alikula alicholetewa na watu wake. Unapika, unapakua kwenye hotpoti, unalifikisha kaunta na kutaja jina la mtu wako. Askari anapokea. Kesho yake unakabidhiwa chombo cha jana. Kikirudi kitupu, mtu wako yumo na hajambo. Kikirudi na chakula chake, ujue amehamishwa, ameachiwa au anaumwa, na hapo ndipo unaanza kuuliza. Kitabu cha kituo hatukuruhusiwa kukiona. Basi tulisoma vyombo.

Umoja huu ulianza kwa sababu ya mwenzetu mmoja, Bi Mwatumu binti Uweso, yule aliyekaa safu ya tatu, mwenye mtandio wa kijani. Ametupa ruhusa tumtaje. Mwanzo alikataa, akasema hataki kugeuzwa tangazo. Juzi akaja mwenyewe kwa katibu wetu, akakaa mlangoni, akasema semeni, ila msiniongezee.

Mwaka juzi, siku chache baada ya Idi ya kuchinja, saa nne asubuhi, palipita msako wa baruti pale dikoni, samaki wanapoteremshwa. Uvuvi wa baruti hatuutetei, umetumalizia samaki na umewakata mikono zaidi ya mmoja wetu. Walikamatwa watu kumi na wawili. Mmoja wao ni Luqmani, fundi wa injini za boti, mtoto wa pekee wa Bi Mwatumu. Kama alikuwa na hatia au hakuwa nayo, sisi hatujui, na kulisema hilo ni kazi ya mahakama. Tatizo letu halikuwa hilo.

Mchana ule ule Bi Mwatumu alipika wali wa nazi na samaki changu wa kukaanga, akatia kwenye hotpoti lake la bluu lenye kifuniko kilichoungua pembeni, akalipeleka. Kesho yake likarudi tupu. Akashukuru. Siku ya pili vivyo hivyo. Siku ya nne likarudi tupu na tena limeoshwa, linang'aa. Akacheka sana kwa jirani yake, akasema, "Mwanangu hajaosha sahani tangu nimzae. Kumbe wa kumfundisha ni polisi." Siku ya tisa mchele ulikuwa umekwisha ndani, akapika bada, ule ugali wa muhogo. Luqmani bada haigusi. Tangu mdogo, akiiona tu, hukumbuka kwamba ana shughuli kwa jirani. Hotpoti likarudi tupu. Mama yake akafurahi na akaona huruma kwa pamoja, akasema njaa ya humo ndani imemfanya mtoto awe mtu mzima.

Mheshimiwa, alipeleka chakula siku kumi na tisa. Hakuna aliyemwambia usilete.

Siku ya ishirini alimkuta mtu amekaa kwenye benchi nje ya kituo, ameshika lile hotpoti mapajani. Ni Sabiri, kibarua wa mashamba ya mkonge aliyewekwa ndani kwa shauri jingine, mtu wa huko milimani, asiye na ndugu hapa pwani. Alikuwa ameachiwa tangu alfajiri, lakini hakuondoka. Alitaka kumjua mwenye chombo amshukuru. Alimwamkia Bi Mwatumu, naye akaitikia, maana shikamoo haiachwi hewani. Kisha yule bwana akasema, "Mama, chakula chako nimekila mimi."

Bi Mwatumu akamuuliza ni chakula cha siku gani.

"Tangu siku ya tatu, mama. Mwenyewe walimtoa na wengine wawili, wakapandishwa gari. Aliniambia, likija hotpoti la bluu kula wewe, usiliache lirudi na chakula. Mama yangu atashtuka. Mimi nitarudi leo leo."

Hapo ndipo pa kutuuma, Mheshimiwa, na tunaomba utuvumilie. Luqmani hakutaka mama yake apate hofu. Kwa mapenzi hayo aliifuta alama pekee tuliyokuwa nayo. Siku kumi na saba mama anapika, anasubiri, anafurahi, na mwanawe hayumo. Angejua siku ile ya tatu, angelifuata gari likiwa bado na vumbi.

MAFANIKIO

Tuliambiwa risala isiyo na mafanikio haikubaliki, na tunayo.

La kwanza ni daftari. Siku ile ile Bi Mwatumu alinunua daftari la mistari, akatuita, akasema hatutasoma vyombo tena. Tangu hapo kila siku mmoja wetu hukaa kwenye lile benchi na kuandika: nani ameingizwa, saa ngapi, amevaa nini, nani ametoka, na kama ametoka kwa gari, limeelekea Tanga au Pangani. Hatuandiki makosa yao. Sisi si mahakimu.

Tuna majina mia mbili na kumi na manne. Alikuja mama mmoja kutoka Ushongo akimtafuta mumewe siku ya nne, amezunguka vituo vitatu, miguu imevimba. Tulimsomea ukurasa wa kumi na saba, chai aliyokaribishwa ikiwa bado ya moto. Akaondoka bila kuimaliza, na tulimwelewa.

Mkuu wa kituo aliyepita alituita wapelelezi, na si kwa kutusifu. Huyu wa sasa, tunamshukuru mbele yako, asubuhi moja alikuja mwenyewe kwenye benchi. Askari wa zamu alikuwa amefungia kitabu kabatini na kwenda msibani na ufunguo. Afande akatuomba tumwambie ana mahabusu wangapi. Tulimwambia saba, akaingia ndani kuwahesabu, wakawa saba.

La pili ni Sabiri. Mkonge aliuacha, akabaki hapa Mkokoni. Ndiye yule mwanamume mmoja wa umoja wetu. Anapasua kuni, na kila Ijumaa anampelekea Bi Mwatumu ndoo nne za maji. Hajapata kukubali kula kwake. Anasema alishakula.

La tatu ni jengo hili. Matofali tumebeba, maji ya zege tumechota.

CHANGAMOTO

Daftari letu linaanza siku ya ishirini. Zile kumi na tisa za mwanzo hazimo.

Bi Mwatumu aliomba kituoni asomewe mstari mmoja tu, mwanawe alitolewa kwenda wapi. Akaambiwa kitabu si cha raia, aende wilayani na namba ya jalada. Wilayani wakamwambia namba ya jalada hutolewa kituo alikokamatiwa. Akarudi. Akaambiwa mpelelezi wa kesi ile amehamishwa mkoa mwingine, na namba anayo yeye. Akaenda mahakamani. Karani, dada mmoja mpole, akapekua orodha na kumwonyesha: kati ya wale kumi na wawili, tisa walifikishwa mbele ya hakimu. Luqmani hayumo, wala wale wawili waliotolewa naye, na hao walikuwa wageni ambao hapa hakuna anayejua kwao. Akaenda magereza. Ofisa alimpa kiti, akasoma kitabu cha wanaoingia mara mbili kwa kidole, akasema, "Mama, kwangu hakuletwa." Akaenda hospitali. Na kule ambako hakuna mama anayependa kuulizia, ameulizia pia. Hayuko.

Kila mlango ulimjibu vizuri, Mheshimiwa. Hatuna wa kumtaja kwa ubaya. Ila mtu mzima mwenye kiwiliwili na jina aliingia kwenye chumba cha serikali akiwa hai, na leo ni miaka miwili na miezi mitatu, hakuna anayeweza kusema alitokea mlango upi.

Lipo jambo moja zaidi, na hili ndilo mtendaji alitaka tuliruke. Kituo cha zamani kilipovunjwa, vitabu vilivyojaa vilitiwa kwenye makatoni. Gari la kuhamishia halikuja. Tukaombwa sisi. Tulijipanga, tukabeba makatoni kumi na moja kichwani, kutoka ghala la mwani mpaka hapa, askari mmoja mbele na mmoja nyuma ili pasiwe na wa kufungua. Kwenye katoni la sita paliandikwa kwa kalamu nene mwezi na mwaka wa msako ule. Alilibeba Bi Mwatumu. Hatukumpangia. Ilikuwa zamu yake.

Alilitua kwenye chumba cha mwisho kulia, akasimama kidogo mkono juu ya kifuniko. Askari akamwambia, kwa adabu, mama asante, toka sasa tufunge. Akatoka. Chumba kikafungwa, na ndicho kilichopakwa rangi ya kijivu kwenye jengo utakalotufungulia sasa hivi.

MAOMBI

Tunaomba ubao nje ya kituo, penye macho ya watu. Kila asubuhi yaandikwe majina ya walioingia, ya waliotoka na mahali walikopelekwa. Chaki tutaleta sisi.

Tunaomba afande akiulizwa na mzazi, amsomee mzazi mstari wa mwanawe. Kitabu chote hatukitaki.

Kivuli juu ya benchi tulikuwa tumekiomba pia, lakini Bi Mwatumu amesema tukifute ili maombi yasiwe mengi ukasahau la mwisho.

La mwisho ni hili. Ukishakata utepe utaonyeshwa vyumba. Utaonyeshwa kaunta, silaha, na choo kipya. Tunakuomba, ufikapo mlango wa kijivu, usikubali kuambiwa ni stoo tu. Katoni la sita liko chini ya dirisha. Ufunguo anao afande kiunoni.

HITIMISHO

Mgeni rasmi, wenzetu hutoa mkeka au kanga. Zawadi yetu anakuletea Bi Mwatumu mwenyewe. Tunaomba umpokee ukiwa umekaa, goti lake si zima. Ni hotpoti lake la bluu. Ndani mna nakala ya daftari letu na kalamu. Mstari wa kwanza ni wa kabla ya daftari kuanza, lakini tuliuandika kwa idhini ya mama: Luqmani, suruali ya kaki, fulana yenye mafuta ya injini, ameingia saa nne na nusu asubuhi. Mahali pa kuandika alikopelekwa pako wazi.

Kwetu, jirani akikuletea futari kwenye chombo chake, humrudishii kitupu. Unatia chochote ulichonacho, hata ndimu mbili. Kutoka kituoni hotpoti hili limerudi tupu mara kumi na tisa, na kila mara tulidhani ni heri. Leo tunakuomba usiturudishie tupu. Litie neno moja, hata likiwa lile tunaloliogopa. Chombo chake atakisubiri hapa hapa safu ya tatu, na sisi tutasubiri naye.

Mwenyezi Mungu akubariki, akubarikie kazi yako na kizazi chako. Akurudishe kwako salama, na wanaokungoja nyumbani wajue uliko mpaka utakapoingia mlangoni.

Ni sisi,
Umoja wa Wapeleka Chakula, Mkokoni.

Imesomwa na Hafsa, katibu.