Mama Hodi Apumzika Kuzunguka Majumbani

Tarehe 30 Juni, baada ya utumishi wa miaka thelathini na mmoja, mwenzetu wa Kitengo cha Elimu ya Nyumbani anastaafu rasmi. Jina lake limo kwenye cheti atakachokabidhiwa leo, lakini mkimwita kwa jina hilo huenda asigeuke. Kwetu ofisini, kwa wazazi na hata kwa walinzi wa magetini, yeye ni Mama Hodi, maana maisha yake ya kazi ameyapitisha akibisha milango ya watu.

Alianza kama mwalimu wa darasa la kwanza. Miongoni mwa wanafunzi wake alikuwamo binti mwenye mtindio wa ubongo, ambaye shangazi yake alimleta kila asubuhi akiwa amembeba mgongoni. Shangazi alipoolewa mbali, binti akaacha kuja. Mama Hodi alisubiri, akachoka kusubiri, na siku moja baada ya vipindi akaenda kumtafuta. Alimkuta dirishani, anaangalia wenzake wakirudi kutoka shule. Tangu hapo akawa anampitia jioni na kumsomesha bila kutumwa na mtu. Ofisi ya elimu ilipoanzisha kitengo chetu, kikiwa na walimu wawili na kabati lisilofungika, haikuhangaika kutafuta wa kumweka.

Si kwamba mambo yake yote yalinyooka. Aliwahi kupewa anwani mpya, akapokelewa vizuri, akanywa chai, akamfundisha mtoto mchangamfu asubuhi nzima, na moyoni akashangaa mbona huyu hana shida yoyote. Alipoaga na kuulizia siku ya kurudi, mama mwenye nyumba alimwambia kwa adabu, "Mwalimu, karibu tena wakati wowote, lakini nadhani unayemtafuta ni wa nyumba ya pili." Na ripoti zake, jamani, hazijawahi kufika kwa wakati. Mkuu wetu wa kitengo atamkosa sana, ila si kwa upande huo.

Kisa ambacho wengi wetu tunamkumbukia ni cha binti wa seremala. Binti huyo ana usonji. Utotoni hakuwa anasema, na kelele za darasani zilimtesa mpaka akawa anajigonga kichwa ukutani, hivyo shule ikamrudisha nyumbani. Mama yake alikuwa amekwisha kufariki. Baba yake, mtu mpole mwenye uchungu mwingi, alimzuia Mama Hodi mlangoni pa karakana. "Wameshakuja wengi kumwangalia," alisema. "Mwanangu si wa kuangaliwa."

Mama Hodi hakubishana. Aliomba akae tu. Akapewa kipande cha msasa ili asikae bure, akawa analainisha miguu ya viti huku binti amejificha chini ya meza ya kazi.

Wiki zikapita hivyo. Binti alipenda maranda, yale maganda membamba ya mbao yanayotoka kwenye randa, na aliyapanga mistari mistari sakafuni. Mama Hodi naye akaanza kupanga ya kwake kando, bila kumsemesha. Siku moja akapanga herufi ya kwanza ya jina la binti. Binti akaivuruga. Safari iliyofuata akaivuruga tena. Baadaye ikaja siku alipoitazama kwa muda mrefu, akausogeza mstari wake karibu nayo, na akaiacha ilivyo. Seremala aliyekuwa akiranda mbao alitoka nje, akakaa huko kitambo.

Mwaka ulipoisha, mkaguzi alikuja kuamua kama masomo yale yaendelee, kwani watoto waliosubiri nafasi walikuwa wengi na walimu tulikuwa wachache. Siku hiyo mambo yaliharibika. Binti aliona viatu vigeni, akajitosa chini ya meza, akaziba masikio na hakutoka tena. Mama Hodi hakumvuta wala hakutafuta visingizio. "Leo hawezi," alisema. "Siku nyingine anaweza." Mkaguzi, ambaye alikuwa mtu wa haki, alijibu kwa upole kwamba hawezi kuandika asichokiona.

Seremala akaweka nyundo chini. "Basi andika ninachokiona mimi," alisema. "Mwaka jana nikigonga msumari mmoja, huyu analia mpaka jioni, nami nafunga kazi. Sasa namwonyesha nyundo kwanza, anaziba masikio mwenyewe, nikimaliza anayaachia. Huyu mama ndiye aliyetufundisha. Alianza na mimi."

Mkaguzi akaandika, na binti hakunyang'anywa nafasi yake. Mama Hodi anasimulia kwamba alilia njia nzima ndani ya basi, na abiria wa pembeni, akidhani amefiwa, akampa pole na leso.

Binti yule sasa ni mtu mzima. Bado si msemaji, ila anaandika, na kupaka vanishi katika karakana ya baba yake ni kazi yake peke yake. Asiporidhika, kiti hakitoki. Leo yupo nasi ukumbini, karibu na mlango. Ndiyo maana ratiba inawaomba wageni wapunge mikono badala ya kupiga makofi.

Sisi wenzake ametuachia mengi. Ndiye aliyeanzisha Jumamosi za wazazi, ambapo mama na baba hujifunza kufundisha watoto wao kwa vitu vilivyomo jikoni na uani. Ndiye aliyetukomesha tabia ya kumjadili mtoto mbele yake kana kwamba hayupo. Ukijisahau, alikugusa mkono na kusema neno moja tu: "Anasikia."

Mzee wake nyumbani, ambaye miaka yote amekula chakula cha jioni kilichopoa akimsubiri mkewe, ametuomba tusimwite tena kwa jambo lolote dogo. Tumekubali, kwa shingo upande.

Watoto aliokuwa akiwafundisha tumegawana. Juzi nilimpigia simu mama wa mmoja wao kujitambulisha. Akaniuliza, "Utakuwa unakuja, au utakuja mara moja?" Nikamwambia nitakuja Jumanne, na Jumanne nyingine, na nyingine.

Mama Hodi, asante kwa kutufundisha jibu hilo. Ulale mpaka jua liwe juu, miguu ipumzike, na wajukuu wakuchoshe kwa raha. Tunakutakia maisha mema, marefu na yenye afya.