Jenereta Jikoni

Kinyozi alikuwa amefumba macho kwenye kiti cha basi, lakini masikio hayana pazia. Mbele yake mama mwenye kilemba alikuwa akijigamba kwa fundi bomba aliyeketi naye. "Umeme umekatika tangu jana, kaka, mimi sina habari. Nina jenereta." Fundi akamuuliza kama ameiweka uani. "Uani? Majirani waisikie, waje na simu zao kuchaji? Iko jikoni. Nimefunga madirisha, nyufa nimeziba kwa matambara."

Kumbe hata uchoyo una ufundi wake, kinyozi akawaza.

Fundi aligeuka mzima mzima. "Dada, moshi wake unaua! Nani yuko nyumbani?"

"Mama mkwe tu. Leo usingizi umemkolea, nimemwamsha anasema kichwa kinamgonga."

Kinyozi akafumbua macho. Mama alishapiga simu. Ikaita, ikaita, ikakatika. Akapiga tena.

"Basi mpigie jirani, avunje mlango!" fundi akamhimiza.

Mama aliitazama simu kama kitu cha kuokota. "Jirani yupi, kaka?" akanong'ona. "Sina namba ya hata mmoja."

Basi likasimama.