Nani Atamsuka Mama?

Ndugu zangu, swali lililoninyima usingizi ni dogo, hata naona haya kulitamka mbele ya watu wazima: nani atamsuka mama?

Chekeni tu, msijizuie. Watu waliniona kijana aliyemaliza chuo kikuu, amefiwa na baba, hana kazi, wakadhani nawaza kazi. Kazi niliiwaza mchana. Nikilala niliwaza nywele.

Sitataja jina la mtu, ndiyo desturi ya kikundi chetu cha wanaouguza nyumbani. Nusu yenu mnatujua hata hivyo. Ninyi wageni, acheni nianze mwanzo.

Baba yangu alikuwa Mkenya. Alikuja Kampala baada ya vita vya mwaka themanini na sita, wakati mji ulikuwa unajijenga upya na kila gari lililobaki lilikuwa bovu. Akapata kazi gereji moja ya Kisenyi, akawa fundi wa gia boksi. Akampata mama, Muganda wa Bwaise, mshonaji. Mama alikuwa mtu wa kujipenda. Hukumkuta barazani bila kichwa kilichosukwa mistari myembamba ya kulala nyuma, ile tunayoiita biswahili. Waliopita kwenda sokoni walimsalimu, naye aliwajibu mmoja mmoja na kuwauliza habari za watoto wao. Ndani ya nyumba alilala tu. Kuishi aliishi barazani.

Kisha kiharusi kikampiga. Mkono wa kulia ukafa, mguu wa kulia ukafa, na maneno yakambakia machache. Nywele zikajifunga mafundo. Tulimwita msusi, akazivuta kama anang'oa magugu, mama akalia machozi. Baba akamsindikiza msusi yule mpaka mlangoni kwa adabu zote. Kesho yake akaenda saluni ya jirani yetu, mama mmoja Mkongo.

"Nifundishe," akamwambia.

"Nikufundishe nini, Papa?"

"Kusuka. Kichwa kimoja tu. Vingine sitaki."

Nilikuwepo, kwa hiyo nawaambia nililoliona. Baba alining'iniza ufagio wa nyuzi, ule wa kupigia deki, kwenye msumari wa mlango, akawa anausuka kila akitoka kazini. Mama wa saluni akipita alimsimamia: "Papa, hii haiko kamba ya mbuzi! Ni kichwa ya mutu, uvute polepole!" Alikata kucha zote. Mikono yenye grisi aliisugua kwa sabuni ya unga na vumbi la mbao mpaka ikawa myekundu. Halafu Jumamosi moja akamtoa mama nje, barazani, akamketisha, akasimama nyuma yake mchana kweupe, akaanza.

Gereji hawakumwacha. "Mzee Saluni! Leo gia boksi hii unaisuka au unaichana?"

"Gia boksi haijawahi kuniambia asante," akawajibu. "Yule wa nyumbani akipendeza, sifa zote zangu. Ninyi wake zenu wanasifiwa, sifa anachukua msusi!"

Walicheka, lakini mmoja wao alinieleza msibani kwamba siku ile alirudi nyumbani akamchotea mkewe maji.

Ndugu zangu, nikirudi kutoka chuoni, nikifika kona ya kwetu na kumwona mzee wangu amesimama nyuma ya kiti cha mama, chanuo amelibana kwa meno, nilikuwa natembea taratibu makusudi. Nilitaka wale ninaotembea nao wapate muda wa kuuliza, "Yule ni nani?" ili niseme, "Baba yangu."

Aliujua pia udhaifu wangu. Mimi ni mtu wa kuwaza jambo mpaka linachacha. Aliniambia, "Mwanangu, wewe unasimama kando ya barabara isiyo na magari, unangoja yapite."

Baba aliugua muda mfupi, akatutoka. Tulimzika kwao, magharibi ya Kenya. Huko desturi ni mjane kunyolewa, na mama aliinamisha kichwa mwenyewe, hakulazimishwa. Tukarudi Bwaise na shangazi, dada yake baba, aje atusaidie.

Shida ilianza nywele zilipoota.

Mama akafunga kitambaa. Akaacha kutoka nje, barazani. Tulileta msusi, mama akakishika kitambaa kwa mkono wake mzima kama anashika mlango. Tukaleta mwingine. Hata mama wa saluni alikuja mwenyewe, akatikisiwa kichwa. Chakula kikawa kinarudi jikoni. Watu waliomzoea waliita kwa heshima ya Kiganda kutoka njiani, "Nnyabo, uko?" na ndani kimya. Nilimwona mama anapungua mbele ya macho yangu.

Nilisema nijifunze mimi. Shangazi akaweka bakuli chini.

"Wewe? Kichwa cha mke wa mtu si kiwanja cha kujifunzia."

"Baba si alijifunza?"

"Baba yako alikuwa mumewe! Wewe nani?"

Basi hapo ndipo nilipoanguka. Kwa sababu lile lilikuwa swali langu hasa. Nikisuka vibaya, nitamwaibisha. Nikisuka vizuri, je, si nitakuwa nimemfuta baba mahali pake pa mwisho? Na watu je? Mwenye digrii asiye na kazi, anasuka barazani! Nikauliza mchungaji. Nikauliza rafiki zangu. Nikaacha kuomba kazi, nikawa siogi vizuri, nalala mpaka jua linaingia kitandani. Ukitaka kujua mtu anavyoweza kuzama ndani ya maji yasiyofika gotini, niulize mimi.

Nikaletwa hapa. Nikawamwagia yote, pande zote mbili za jambo, na pande nyingine ambazo hazikuwepo. Mzee mmoja aliyekaa pale nyuma, anayemuuguza mkewe, alinisikiliza mpaka nikachoka.

"Umemaliza?"

"Ndiyo, mzee."

"Yeye mwenyewe anasemaje?"

"Nani?"

"Mwenye kichwa, ssebo!"

Ukumbi mzima mlicheka. Sikuwa nimemuuliza. Nilikuwa nimezunguka Kampala nzima nikiuliza habari za kichwa cha mama, isipokuwa kwake.

Nikaenda nyumbani, nikapiga magoti mbele yake. "Mama, unataka nani akusuke?"

Aliniangalia kama anavyoangaliwa mtoto aliyechelewa kuongea. Akavua kitambaa. Akalichukua lile chanuo la baba chini ya mto, akaniwekea mkononi.

"Wewe," akasema.

Nikafunga mlango, nikashusha pazia, nikamsuka mle ndani. Mstari mmoja ulielekea Kawempe, mwingine Kisenyi. Nilipompa kioo akageuza kichwa huku na huku.

"Mbaya," akasema. Kisha akacheka, ndugu zangu! Mama alicheka mpaka shangazi akatoka jikoni mbio, akaona, naye akakaa chini akacheka.

Halafu mama akaanza kuzifumua kwa mkono wake mmoja, akanyoosha kidole mlangoni. "Nje."

Nawashukuru ninyi mlionicheka bila kunidharau. Namshukuru mzee wa swali moja. Namshukuru mama wa saluni, na shangazi yangu, ambaye siku ile alitangulia kufungua mlango. Na baba, nasema kwa kifua kipana, hakuniachia nyumba ya ghorofa. Aliniachia mfano, nao unanitosha. Funzo langu ni fupi: mgonjwa wako bado ni mwenye mwili wake. Muulize. Na ukishajibiwa, usiende kuuliza wengine tena.

Kwa sababu pale mlangoni nilitaka kuuliza tena. Njia ilikuwa imejaa watu, na vijana wa bodaboda walikuwa wamekaa ng'ambo. Nilitaka kusema, mama, tungoje jioni, tungoje nizoee.

Sikusema. Nilibeba kiti nikakiweka barazani. Nikamshika mama kiunoni, tukatoka hatua kwa hatua, nikamketisha uso kwa njia.

"Musomi!" akaita kijana mmoja wa boda. "Na mimi unanisuka lini?"

"Ngoja zamu yako," nikamjibu. "Kuna mtu mbele yako."

Mwanamke aliyebeba matoke akasimama. "Nnyabo! Kumbe upo?"

"Nipo," akasema mama.

Nikagawa nywele kwa chanuo, kuanzia paji la uso, nikashika mstari wa kwanza.