Kipimo cha Katikati

Kijiwe chetu ni benchi la mbao nje ya duka la vifaa la Ardell, hapa Montana, na kahawa yake chungu haijawahi kumfukuza mtu. Msimu wa kulungu unafunguliwa kesho, na huku kwetu wengi hujijazia risasi wenyewe nyumbani: ganda lililokwisha kutumika, fataki mpya ya kuwashia, baruti ya kupima, kichwa cha risasi juu. Leo Verlyn, tunayemwita Shaba kwa kuokota maganda ya shaba ya wenzake, kaja uso umemshuka. Vitabu vyake vitatu vya vipimo vya baruti vinapingana: kiasi ambacho kimoja kinakiruhusu, kingine kinakiita hatari. Na risasi za mjukuu wake Maren, anayekwenda kuwinda kwa mara ya kwanza, ameshazijaza.

— Mawakili hao, — akasema Hoyt, tunayemwita Jaji kwa kuwa ameshitakiwa mara mbili. — Kitabu cha zamani kiliandikwa na wanaume. Hiki kipya kinaogopa kesi.

— Mawakili wapi, bwana. Baruti inachakachuliwa siku hizi, kama maziwa. — Huyo ni Lund, Profesa wetu.

— Maziwa ya nani yamechakachuliwa? — Jaji akauliza.

— We ulizia tu. Na kampuni zina majasusi. Wanaandika uongo makusudi, mwenzao akiiba kipimo kimlipukie.

Nikasema pengine kila kampuni hujaribu kwa mtutu wake na kichwa chake cha risasi, ndiyo maana hesabu hazilingani. Wakaniambia ninywe kahawa yangu.

— Wewe ulifuata kipi? — nikamuuliza Shaba.

— Nilijumlisha vyote, nikagawa kwa tatu. Nikachukua cha katikati.

Tukaitikia kwa vichwa, kwa heshima. Aibu yetu, lakini ilisikika kama busara.

Hapo akashuka garini Inga, mke wa mwanawe, mama yake Maren, na boksi la risasi mkononi.

— Baba, usiku kucha unatembea jikoni. Hizi zina nini?

Shaba akamweleza yote, na Inga akasikiliza hadi mwisho.

— Kila kitabu kina watu waliojaribu kipimo chake, — akasema. — Hiki chako cha katikati alikijaribu nani?

Shaba akalichukua boksi, akalifungua.

— Maren anazo ngapi? — akauliza.

— Hana hata moja. Nimezibeba zote kabla hajaamka.

Shaba akashusha pumzi, machozi yakamlengalenga. Inga akaingia dukani kumnunulia binti risasi za kiwandani, na Ardell akatutolea nyundo ya kung'olea vichwa vya risasi. Tukakaa tunagonga moja moja, kichwa kitoke na baruti imwagike, Jaji akidai swali lile la Inga alikuwa nalo tangu mwanzo.

Ya mwisho ilipofunguka, Shaba akaomba kahawa. Tangu aje asubuhi alikuwa akijimwagia nguoni kila kikombe, kwa wasiwasi. Hiki alikinywa chote.